Ushauri wakuu: mnunuzi anapokea umeme wangu wa ziada, kulipa hataki

MajiYaMto: Wakuu habarini. Nina mtambo mdogo wa maji, nauza umeme kwenye gridi kwa mkataba wa miaka 20. Mkataba unasema kilowati 400, kiasi cha mwezi uniti 288,000. Masika haya mto umejaa, nimepeleka uniti 418,000. Ankara imerudi: 288,000 zinalipwa, 130,000 zimeandikwa "ziada", mbele yake sifuri. Umeme wameshauuzia wateja wao! Nataka kuzima mtambo mwezi ujao mpaka wanilipe. Naruhusiwa? Siku ya tatu sijapata usingizi.

Kandambili: Wenzako hawalali kwa giza, wewe hulali kwa mwanga. Naweka kambi hapa.

SinaHaraka: Mkuu, ya kuzima yaache kwanza. Kifungu cha ziada kinasemaje? Kuna mikataba inayolipa ziada bei ileile, mingine inakata asilimia, mingine inafuata bei ya soko ya saa hiyo. Na kuna inayosema mnunuzi "anaweza" kuupokea bila wajibu wa kulipa. Halafu tazama ziada inahesabiwa kwa kipindi gani: nusu saa, mwezi au mwaka. Kwa mtu wa mto hili ni kubwa kuliko bei yenyewe. Ikihesabiwa kwa mwaka, uniti za masika zinaziba pengo la kiangazi. Ikihesabiwa kwa mwezi, za masika zinapotea, na kiangazi ukipungukiwa unakatwa.

MajiYaMto: Ni kwa mwezi. Na hilo "anaweza" limo. Lakini kweli mtu apokee mali, aiuze, asilipe?

Bingwa_wa_Yote: Chukua au lipa! Kadai, hiyo ni kanuni ya dunia nzima.

SinaHaraka: Bingwa, hiyo ni pale mnunuzi anaposhindwa kuchukua kiasi mlichokubaliana. Huyu kachukuliwa chote na zaidi.

Bingwa_wa_Yote: Basi ashukuru. Ujerumani kuna saa bei ya soko inashuka chini ya sifuri, anayeingiza umeme ndiye anayetoa hela. Na Marekani tangu 1978 kuna sheria ya kuyabana makampuni ya umeme yanunue kwa wazalishaji wadogo, lakini kwa bei isiyozidi gharama ambayo kampuni ingeitumia kuupata umeme huo kwingine. Hakuna pahala ziada inalipwa kwa huruma.

MajiYaMto: Sijaomba huruma.

MzeeWaMakapi: Mnanikumbusha mbali. Nilikuwa kiwanda cha sukari, tunachoma makapi ya miwa, umeme unaobaki tunauza. Miwa ikiwa mingi lazima makapi yaungue, la sivyo yanajaa uani mpaka lori halipiti. Tulipeleka ziada misimu miwili bila senti. Meneja akasema afadhali, kuliko kukodi malori ya kuyatoa. Nilimwona mjinga wakati ule. Siku hizi sijui. Endeleeni.

DadaSwichi: Samahani mleta mada, kuna pahala umeruka. Kilowati 400 kwa saa 720 za siku 30 ni 288,000 kamili, bila kusimama hata dakika. Mto ufurike usifurike, turbaini haitoi zaidi ya uwezo wake. Hizo 130,000 zimetoka wapi?

MajiYaMto: Kuna marekebisho madogo tulifanya.

DadaSwichi: Marekebisho gani?

MajiYaMto: Tuliongeza kitu kidogo upande wa pili.

DadaSwichi: Kaka.

MajiYaMto: Sawa. Nilifunga turbaini ya pili, kilowati 150. Maji yalikuwa yanafurika juu ya ukuta yanapita bure, mngekuwa ninyi mngeyatazama tu? Laini ni ileile, mita ileile. Kibali kingechukua mwaka na mvua hainisubiri. Mkopo nimeshachukua. Nilichouliza ni kuzima, si turbaini.

Ustadhi_K: Ukimwagilia shamba la mtu usiku bila kumwambia, asubuhi usimpelekee bili. Amana ni amana, ndugu yangu.

DadaSwichi: Mimi amana siijui, naijua transfoma. Ulinzi wa laini ulipangwa kwa kilowati 400. Ukiisukumia 550, volteji kwenye laini yako inapanda, na siku vifaa vya watu wa jirani vikiungua watakuja kuhesabu mashine zako. Na ukizima makusudi, unashuka chini ya kiwango cha chini cha mkataba. Kosa linarudi kwako lote.

Kandambili: Kwa hiyo ana mashine moja halali na moja ya nje ya ndoa.

Mkokotoaji77: Watu wazima mnapewa chai mnakunywa. 400 na 150 ni 550. Mara saa 720 ni 396,000. Jamaa kapeleka 418,000? Mitambo yote isipumzike hata sekunde bado haifiki. Hadithi imetungwa, na mtunzi hesabu zilimshinda.

Kandambili: Turbaini ya tatu itajitokeza ukurasa wa pili.

Bingwa_wa_Yote: Nilihisi mapema.

MzeeWaMakapi: Bingwa hukuhisi chochote.

MajiYaMto: Mimi mwongo? Ankara ninayo mkononi. Mita inasoma 418,000.

Mkokotoaji77: Soma tarehe basi. Usomaji uliopita lini, na huu lini?

MajiYaMto: Uliopita 2 Aprili. Huu 10 Mei. Msomaji alichelewa, barabara ilikatwa na maji.

Mkokotoaji77: Ngoja.

Mkokotoaji77: Neno chai nalifuta. Hizo ni siku 38, saa 912. Kwa kilowati 400 kiasi chako cha siku hizo ni 364,800. Wao wamekulipa cha siku 30. Ukitoa 288,000 zinabaki 76,800, na hizo si ziada hata kidogo, ni za bei kamili. Ziada yako ya kweli ni 53,200. Msomaji akichelewa, kikomo nacho kinatakiwa kurefuka naye.

SinaHaraka: Angalia kama mkataba unataja usomaji uliochelewa. Mingi inataka kiasi cha mwezi kihesabiwe kwa siku.

MajiYaMto: Upo ukurasa wa 31! Kwa siku! Naandika dai leo hii.

DadaSwichi: Usiandike leo. 418,000 kwa saa 912 ni wastani wa kilowati 458. Mwenye mkataba wa 400 anadai kwa karatasi inayoonyesha 458? Yeyote mwenye kikokotoo atauliza mashine ya pili iko wapi. Tangaza turbaini kwanza, omba mkataba urekebishwe, na mpaka wajibu uwe umeizima hiyo moja. Dai la 76,800 liende pamoja na barua hiyo.

MajiYaMto: Wakinivunjia mkataba je? Mkopo nalipaje?

SinaHaraka: Wakigundua wenyewe ni rahisi zaidi kuuvunja. Na mkiketi kurekebisha, omba hesabu ya mwaka badala ya mwezi. Hata ziada ikilipwa nusu bei, kwako ni faida.

MajiYaMto: Kuna jambo jingine sikulisema.

DadaSwichi: Sema.

MajiYaMto: Barua ya kuwatishia kuzima niliituma Jumatatu.

Kandambili: Nilijua kambi hii itanilipa.

DadaSwichi: Kwa posta au umepeleka mwenyewe?

MajiYaMto: Posta.

DadaSwichi: Basi kesho asubuhi uwe mlangoni kwao kabla haijafika.