Klabu yetu ya deraya imegawanyika kuhusu nani apitishwe. Viwango vinaandikwaje?

Chapeo254 (mwenye uzi)

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kabla hatujavunjika.

Sisi ni watu kumi na wanne hapa Nairobi, tunajitengenezea deraya (mavazi ya kivita) za wahusika wa filamu, katuni na michezo ya kompyuta. Wengi hutumia sponji ya EVA, ile ile ya patipati na ya mikeka ya watoto ya kuunganisha. Wawili wana printa za 3D, na mmoja ni fundi wa bodi za magari ambaye kila kitu kwake ni faibaglasi. Kofia tunaita chapeo na bamba la kifuani tunaita dirii, maneno tuliyoyatoa Waefeso 6 kwa sababu hakuna aliyekuwa na mengine.

Miaka mitatu hatukuwa na masharti. Unakuja, unavaa, tunapiga picha, tunaenda kula. Mwaka huu tukaalikwa wadi ya watoto ya hospitali moja, tukaona tusiende ovyo. Tukachagua watatu wa kupitisha mavazi, mimi nikiwemo. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Kijana mmoja wa Kayole alikuja na deraya ya mitungi ya mafuta ya kupikia, ile ya manjano ya lita ishirini. Ameikata, ameilainisha juu ya jiko la makaa, ameikunja, akaipiga ribiti na kuipaka rangi. Kwa mkono wake, hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote tulizoona siku hiyo. Sote watatu tukasema hapana, haifanani na ya filamu. Akauliza kwa upole, "Haifanani wapi?" Mmoja akasema mabega. Mwingine akasema rangi. Mimi nikasema "kwa jumla tu." Usiku huo akatoka kwenye kundi la WhatsApp bila neno.

Siku hiyo hiyo tulimpitisha kwa dakika tano jamaa aliyeagiza seti nzima kutoka nje. Inang'aa, huwezi kuitofautisha na ya kwenye skrini. Kufika hospitali, hawezi kupanda ngazi. Magoti hayakunji. Chapeo haina tundu la hewa. Tulimvua kwenye korido, jasho linamtiririka shingoni, mbele ya watoto walioambiwa roboti anakuja.

Sasa swali. Tuandike masharti ya kufanana, au ya ubora wa kazi? Aliyenunua na aliyetengeneza wapimwe sawa? Na mwenye mhusika aliyembuni mwenyewe, asiye na filamu ya kulinganishwa nayo, tunampimaje? Tafadhali msiniambie ni mchezo tu, tulieni. Nimeshaambiwa nyumbani.

---

Kiti_cha_Mbele

Watu wazima kumi na wanne, mitungi ya mafuta. Sicheki. Endeleeni, nimeleta njugu.

---

Mweupe_wa_Buruburu

Nimekulia Buruburu, sasa naishi Leeds, Uingereza, na huku niko ndani ya 501st Legion, wale mashabiki wa filamu za Star Wars wanaovaa upande wa wabaya. Kikosi kilianzishwa Marekani mwaka 1997 na Albin Johnson. Nawaeleza jinsi wanavyofanya, mchukue kinachowafaa.

Kila vazi lina ukurasa wake. Picha za mbele, nyuma na ubavuni, halafu kila kipande kinaelezwa kwa maneno: chapeo iweje, bega likae wapi, mkanda, buti, glavu. Hakuna mahali pameandikwa "ipendeze". Kuna kiwango cha chini, ukikitimiza umeingia. Mavazi mengi yana ngazi za juu za hiari, kwa wale wanaotaka kufuata mpaka skrubu ya sikioni. Wengi hawapandi huko na hakuna anayewadharau.

Unatuma picha kwa afisa wa uanachama wa eneo lako, naye analinganisha na ukurasa. Hajali umenunua au umetengeneza. Mimi mara ya kwanza nilirudishwa kwa ajili ya glavu. Niliudhika nusu saa, nikafungua ukurasa, nikakuta imeandikwa wazi. Ningemkasirikia nani?

Kuhusu wahusika wa kubuni, angalieni Mandalorian Mercs, klabu ya mashabiki wa Wamandalorian, wale wapiganaji wa deraya wa Star Wars, aliyoianzisha Tom Hutchens mwaka 2007. Rangi na mapambo unachagua mwenyewe, historia ya mhusika unabuni mwenyewe, lakini vipande fulani lazima viwepo na vikae mahali pake. Uhuru upo, ila una mipaka iliyoandikwa.

---

Ami_wa_Kibokoni

Nyie watu wa bara hamuwezi kukaa bila kamati. Mtoto kakata mtungi kwa mikono yake, kauchoma, kauvaa, mnamwambia haufanani na kitu ambacho hata huko kwenyewe ni plastiki. Ami, hao wagonjwa wadogo walihitaji nini? Walitaka jitu lije liwape mkono. Yule wa mtungi angefika ghorofani kwa miguu yake.

Ushauri wangu: futeni hiyo kamati, mkamtafute kijana mumuombe radhi.

---

Chapeo254

Ami, la radhi nakubali, na linanikaa kooni. La kufuta kamati siwezi. Tusipopima, ijayo ni mtu kuzimia kwenye ngazi akiwa na jina letu mgongoni.

---

Mama_Sindano

Nimefanya ukaguzi wa nguo kwenye kiwanda cha EPZ (eneo la viwanda vya kuuza nje) Athi River miaka kumi na moja. Deraya sijui, ila hili tatizo lenu nalijua kama kiganja changu.

Mkaguzi mgeni huandika "mshono mbaya". Msimamizi wa laini anakuja juu: mbaya vipi? Wanagombana mpaka chakula cha mchana. Mkaguzi mzoefu anaandika "mshono wa bega umepinda sentimita moja na nusu, ruhusa ni nusu." Hapo hakuna ugomvi, kuna rula. Mlipomwambia yule kijana "kwa jumla tu" mlimpa neno asiloweza kulirekebisha. Angerudi nyumbani akakate nini?

Fanyeni hivi. Kila mtu kabla hajaanza kutengeneza alete picha tatu au nne za mhusika wake, hata kama amemchora mwenyewe. Mnakaa naye, mnakubaliana vipande vinavyomtambulisha. Labda saba, labda kumi. Mnaandika, mnatia sahihi nyote. Kiwandani tunaiita sampuli iliyoidhinishwa, na siku ya ukaguzi unalinganisha na sampuli, hulinganishi na kilichomo kichwani mwako. Hapo wa kujibunia naye amepata cha kulinganishwa nacho: mchoro wake mwenyewe.

Halafu mtenganishe kasoro. Kuna inayozuia mzigo kuondoka na kuna ya kuandikwa tu. Gundi inayoonekana ukisimama hatua mbili ni ya kurekebisha. Gundi unayoiona ukibandika pua ni ya kuachwa. Sisi tunakagua kwa umbali wa mkono, kwa sababu hakuna mnunuzi anayevaa shati akiwa na kioo cha kukuzia. Nyie watoto wanawaangalia kutoka kitandani. Chagueni umbali wenu muuandike.

Na mkaguzi hakagui laini aliyoishona. Wewe Chapeo254 deraya yako ilipitishwa na nani?

---

Chapeo254

Na mimi.

---

Kiti_cha_Mbele

Njugu zimeisha. Naenda kuongeza.

---

Bodi_na_Rangi

Mimi ndiye huyo fundi wa faibaglasi, bosi amenitaja hapo juu. Napiga kazi Kariobangi Light Industries. Mimi naongea ya karakana, ya sampuli nawaachia mama.

Kwanza ngazi. Kabla ya mtu kusema inapendeza, apande ngazi ghorofa moja na ashuke akiwa amevaa kila kitu. Akae kwenye kiti cha plastiki. Ainue mikono yote miwili. Aokote simu sakafuni. Avue chapeo mwenyewe, bila kusaidiwa. Akishindwa moja, harudi kwa picha, anarudi kwa fundi. Yule wetu wa seti ya nje angeanguka kwenye kiti tu.

Pili hewa. Chapeo lazima iwe na tundu mahali, hata chini ya kidevu ambapo hakuna anayeona. Feni ndogo ya kompyuta na pawabenki vinatosha. Kioo cha macho, nendeni kwa wanaouza vifaa vya kuchomelea mnunue ile ngao ya plastiki ya kijani, mkate. Ila mjaribu ndani ya nyumba, si juani. Korido ya hospitali ina giza lake.

Tatu kingo. Faibaglasi isiyopigwa msasa inachoma ngozi siku mbili. Ribiti za ndani zifunikwe. Kama mtoto atakukumbatia, pitisha kiganja chako kila mahali kwanza. Mahali kinaposita, piga msasa.

Nne, wenye printa. Ile plastiki ya PLA inaanza kulegea ikifika nyuzi sitini hivi. Ukiacha dirii ndani ya gari lililofungwa juani, utakuta imekuwa sahani. Nimeona kwa macho yangu, mwenyewe alikaribia kulia.

Na gundi, ndugu zangu. Ile ya mafundi viatu inapakwa pande mbili, unangoja mpaka isinate kidole, ndipo unabana. Watu wanabana ikiwa mbichi halafu wanasema sponji ni mbovu. Ipakeni dirisha likiwa wazi, ile harufu si ya kuchezea.

La mtungi: ile ni plastiki ngumu, rangi haipendi kuishika. Kama yake haikubambuka siku ile, huyo kijana alijua la kufanya. Ningetaka kumuuliza.

---

Wakili_wa_Mtaa

Naongeza moja ambalo wengi hudharau. Kanuni ya Adhabu hapa Kenya inakataza raia kuvaa sare ya jeshi au ya polisi bila ruhusa, hata nguo yenye alama zinazofanana nazo. Kwa hiyo mhusika yeyote mwenye madoadoa ya kijeshi au beji ya polisi, karatasi yenu imkatae mapema, kabla mtu hajatumia pesa. Msingoje siku ya ukaguzi.

Silaha bandia: za sponji, rangi isiyoweza kudhaniwa ni chuma, na zisafirishwe ndani ya begi. Mtu akipanda matatu na bunduki nyeusi mkononi, abiria hawatauliza anatoka filamu gani. Askari wa langoni pia hatauliza. Pigieni simu usimamizi wa mahali siku moja kabla.

---

Mweupe_wa_Buruburu

Naunga mkono Mama_Sindano na Bodi. Ongezeni msindikizaji. Huku hatutoki bila mtu asiyevaa chochote, yaani asiyevaa deraya, kabla Kiti_cha_Mbele hajarukia. Kazi yake ni kukushika mkono kwenye ngazi, kukupa maji na kuzuia watoto wasikuvute mkanda.

Na chapeo za kunakili. Kuna watu wananunua kofia ya fundi mwingine, wanaitolea kalibu na kuuza nakala zake. Amueni mapema mnazipokea au hamzipokei. Mimi ningekataa. Ni jasho la mtu.

---

Ami_wa_Kibokoni

Haya, nimesoma yote. La mama limenigusa. Bado nasema mlianza na kamati badala ya karatasi.

---

Chapeo254

Wiki mbili zimepita, narudisha majibu.

Tumetenganisha mambo mawili tuliyokuwa tunayachanganya. Kuwa mwanachama hakuhitaji deraya hata moja. Unakuja karakana, unashika msasa, wewe ni wetu. Kupitishwa ni kwa ajili ya kutoka kwa jina la klabu tu. Hilo peke yake limepoza nusu ya ugomvi.

Kwa kutoka, kuna mtihani wa Bodi wa ngazi na kiti. Huo hauna msamaha, awe amenunua au ametengeneza. Halafu kuna karatasi ya vipande kutoka kwenye picha za mhusika, iliyokubaliwa kabla, ikikaguliwa kwa umbali wa hatua mbili. Anayekataliwa anaandikiwa kipande gani, kimekosa nini, kwa kipimo. "Kwa jumla" limepigwa marufuku, na faini yake ni soda za wote. Mhusika mwenye sare ya jeshi au polisi hafiki hata mezani. La chapeo za kunakili bado tunabishana, kura zilikuwa saba kwa saba.

Tuliijaribu karatasi kwa sisi watatu wapitishaji kwanza, tukikaguliwa na wengine. Mganga hajigangi. Deraya yangu, ambayo imepamba kila bango letu tangu mwanzo, ilianguka mara mbili. Nyuma ina pengo la vidole vitatu kati ya mgongo na kiuno. Nilikuwa siku zote napigwa picha za mbele.

Jana nilimtumia yule kijana karatasi pamoja na radhi. Sikumwambia arudi. Amekaa saa nne bila kujibu, halafu akauliza kitu kimoja: "Karatasi inasema mabega yaweje?"

---

Bodi_na_Rangi

Na inasema?

---

Chapeo254

Inasema bega lifunike mfupa hata mkono ukiinuliwa. Nimetazama picha zake za siku ile. Lake linafunika. Kuanguka kwangu kwa pili kulikuwa hapo hapo.