Boya la kioo la Kijapani: nitajuaje kama ni la zamani kweli?

Mkazi wa Uyole
Wakubwa, shikamoni. Juzi nilinunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, boya la kuelesha nyavu za uvuvi: tufe la kioo la kijani, kubwa kidogo kuliko chungwa, ambalo muuzaji aliapa kuwa lilikutwa kwenye buti la gari la mtumba kutoka Japani na kwamba lina miaka 200. Limefungwa wavu wa kamba iliyochakaa, na ndani ya kioo kuna viputo. Nasikia mengine hutengenezwa siku hizi kwa ajili ya mapambo. Nitalitambuaje, na je, niikate kamba ili nilisafishe?

Fundi Taa, Gangilonga
Marahaba. Kamba usiiguse. Tafuta kwanza kitovu: mpulizaji kioo alipolikata tufe kutoka kwenye bomba lake aliliziba tundu kwa tone la kioo cha moto, na baadhi ya viwanda vilipiga chapa yao hapo. Hata hivyo kitovu pekee hakitoshi, kwa sababu ya mapambo nayo huwa nacho. Mimi hutazama mikwaruzo, kwani boya lililosuguliwa na mchanga kwa miaka huwa na ukungu usio sawa, hafifu zaidi pale kamba ilipolikinga, ilhali la dukani hung'aa kote. Viputo na rangi ya kijani ni vya kawaida, maana mengi yalitokana na chupa kuukuu, zikiwemo za sake (pombe ya Kijapani ya mchele), zilizoyeyushwa upya.

Binti wa Kyela
Hiyo miaka 200 ni chumvi ya sokoni. Maboya ya kioo yalianzia Norwei miaka ya 1840, na Japani iliyachukua karibu mwaka 1910, kabla ya plastiki kuyaondoa. Marehemu babu yangu pale Matema alielesha nyavu zake kwa madumu, naye angecheka sana kusikia mtu amelipia boya! Litikise pia: mengine huwa na maji ndani, yaliyosukumwa na kina cha bahari kupitia nyufa zisizoonekana.

Mkazi wa Uyole
Kitovu nimekiona, chapa haipo, na chini ya kamba kioo kinang'aa kuliko kwingine. Maji yapo, kama kijiko kimoja. Nilitaka kumpelekea shangazi Makete.

Fundi Taa, Gangilonga
Basi asiliweke barazani mwezi wa saba. Maji yakiganda kwa ile sakitu yao, kioo kinaweza kupasuka.

Mkazi wa Uyole
Ndaga fijo, asanteni sana. Litabaki Uyole, kabatini.