"Nyinyi wenyeji, bahari mnaijua": tulivyoachwa juu ya fungu maji yakijaa

Wadau, salamu baadaye. Nina siku tano silali vizuri kwa hasira.

Jumamosi tulikodi dau zima pale Fumba, hapa Unguja. Watu tisa: mie, mume wangu, watoto wanne, mama mkwe, wifi na mwanawe. Shilingi 360,000, nusu nikaitanguliza kwa simu. Ahadi ilikuwa kwenda kwa tanga hadi kwenye fungu la mchanga, tuogelee, kisha kisiwa cha Kwale tukale samaki. Tanga lilibaki limekunjwa kwenye foromali, ule mti wake wa juu, mwanzo hadi mwisho, tukaenda kwa mashine, moshi wote usoni. Hilo nimesamehe.

Maboya ya kuvaa sijasamehe. Watu tisa, maboya manne, moja mikanda imekatika. Mama mkwe tangu meli ya abiria MV Skagit izame karibu na kisiwa cha Chumbe, Julai 2012, hapandi hata boti ya Dar kabla hajaliona boya kwa macho yake. Akauliza. Baharia akacheka: "Bi mkubwa, nyinyi wenyeji, bahari mnaijua." Mie nimezaliwa Michenzani, ghorofani! Bahari naijua kwa pweza wa Forodhani. Na dau la pembeni lililopakia wageni, kila mmoja kafungwa boya mpaka kidevuni.

Fungu tukalifika saa nne na nusu. Pazuri, sisemi uongo. Tukatandika jamvi, watoto wakaingia majini. Nahodha akasema anarudi Fumba mara moja kuchukua kitu, nusu saa tu. Kumbe kitu chenyewe ni kundi la pili la wageni.

Sasa watu wa pwani nisaidieni. Siku hiyo ilikuwa mwezi kumi na sita kwa hesabu ya mwandamo. Bamvua hilo, maji makubwa! Kwetu hapa maji ya bamvua hukupwa saa nne, saa tano asubuhi, na ikifika alasiri yameshajaa, tofauti karibu mita nne. Hata mtoto anayeokota chaza anajua. Nahodha asijue?

Saa sita fungu limebaki kama ukumbi wa nyumba. Saa sita na nusu tukakunja jamvi. Mama mkwe tukamkalisha juu ya deli la soda, mwanangu mdogo wa miaka mitatu nimembeba mgongoni, ndara moja ya wifi inaondoka na mkondo, tunaitazama tu. Simu inaita, nahodha hapokei. Mara ya saba akapokea: "Msihofu, hapo maji hayapiti magoti." Yalikuwa yameshanifika magotini, na deli linaanza kunyanyuka na bibi wa watu juu yake, kashika tasbihi, hasemi neno.

Aliyetuona ni mvuvi mwenye ngalawa. Akaja, akampakia mama mkwe na watoto watatu wadogo, akatuambia sisi wengine tushikilie ndrengu, ile miti ya pembeni ya ngalawa. Senti moja hakutaka. Allah amzidishie.

Dau likatokea saa saba kasoro, limejaa wageni, wote wamevaa maboya. Pole hakuna. Tulipopanda baharia akatuomba tusogee mbele juani, maana kivuli ni cha wageni. Hapo mume wangu, mtu mpole kuliko wote ninaowajua, alitoa maneno ambayo siwezi kuyaandika humu.

Kwale hatukufika. Nilipodai pesa zangu nikaulizwa: "Kwani kuna aliyezama?"

Sitaji jina lao, wala sikuja humu kuharibia watu biashara. Nataka kujua tu: malalamiko ya chombo kama hiki mnayapeleka wapi yakasikilizwa? Picha ninazo, na saa alizopigiwa simu zote zimo kwenye simu yangu.

Jana usiku wamenitumia ujumbe. Nikadhani ni wa kurudisha pesa. Wananikaribisha tena sikukuu ya Idi, wenyeji wana punguzo.