Wajuzi wa Mac: naifanyaje Tahoe (beta) ionekane kama Sequoia?

Mkono_wa_Kushoto
Wakuu, heshima kwenu. Kuna Mac hapa ina macOS Tahoe, ile beta ya wasanidi (toleo la majaribio) iliyotangazwa Juni 9, 2025. Muonekano mpya wa vioo, Liquid Glass wanavyouita, umenishinda. Mstari wa menyu kule juu hauna rangi kabisa, maneno yanaelea tu juu ya picha ya mandharinyuma. Nikiweka picha yenye mawingu, saa siioni. Kona za madirisha zimeviringwa kupita kiasi. Launchpad, ule ukurasa wa programu zote, imetoweka. Hata kile kiuso cha Finder (programu ya mafaili) nakiona kama kimegeuzwa, sijui ni macho yangu.

Swali langu ni moja: nibadilishe mipangilio gani ili ifanane na Sequoia, toleo lililotangulia? Nataka mtu akiifungua asione tofauti. Nina muda hadi Jumatatu.

Dada Pikseli
Fungua System Settings, ingia Accessibility, halafu Display, washa Reduce transparency. Hapo hapo mstari wa menyu, Dock (ule mstari wa aikoni) na paneli za pembeni zinapata rangi nzito isiyopenya. Jirani yake kuna Increase contrast. Hiyo usiiguse, kwa sababu inachora mstari kuzunguka kila kitufe na kila kisanduku, na Sequoia ya kawaida haiko hivyo. Halafu ukiiwasha inaiwasha na Reduce transparency kwa nguvu, watu wengi wanazichanganya.

Picha ya mandharinyuma weka yenye rangi moja tulivu sehemu ya juu. Kwenye Appearance, mtindo wa aikoni uwe Default, siyo Clear wala Tinted.

Ila "asione tofauti" sahau. Ukingo wa madirisha hauna kitufe cha kuurudisha. Paneli ya pembeni ya Finder sasa inaelea kama kipande kilichobandikwa ndani ya dirisha, nayo ndiyo hivyo. Aikoni zote zimelazimishwa kuwa mraba wenye kona laini. Programu ambayo mtengenezaji wake hajairekebisha, aikoni yake imewekwa ndani ya kisahani cha kijivu, imedumaa katikati. Mtu wa Mac anaiona hiyo kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Nyangumi Mweupe
Mimi naongelea Launchpad. Mtu umepanga kurasa zako, umetengeneza folda zako, programu za kazi huku na michezo kule, miaka na miaka. Sasa wamekuwekea kitu kinaitwa Apps, ukibana vidole kwenye pedi ndicho kinachokuja, na chenyewe kinapanga kwa makundi yake. Folda zako hazina pa kwenda. Wanakwambia tumia Spotlight, kile kisanduku cha kutafuta. Sawa, Spotlight mpya ni kali, hilo nakubali: Command na Nafasi, kisha Command-4, unapata orodha ya ulivyonakili karibuni. Lakini kutafuta kwa kuandika ni kwa mtu anayekumbuka jina la programu. Launchpad ilikuwa ya anayekumbuka mahali ilipo.

Na hivi vioo si vigeni. Windows Vista ya 2007 ilikuja na Aero. Aqua ya 2000 ilikuja na mistari na vitu vinavyopenya mwanga, wakawa wanapunguza toleo baada ya toleo. Windows 8 ya 2012 iliondoa kitufe cha Start, 8.1 ya 2013 ikakirudisha. Kwa hiyo lalamikeni mapema kupitia Feedback Assistant (programu ya kutuma maoni kwa Apple), beta ndiyo kazi yake.

Chenga2
Nimekaa pale nasubiri kujua Jumatatu kuna nini.

KaaChonjo
Mleta uzi, anayeichukia Tahoe anarudi Sequoia, basi. Wewe hutaki kurudi, unataka "mtu asione tofauti". Mtu gani?

Mkono_wa_Kushoto
KaaChonjo hilo halihusiani na swali. Kurudi Sequoia nimesoma ni kazi kubwa, na mimi Tahoe yenyewe siichukii, ni muonekano tu. Dada Pikseli asante, Reduce transparency imesaidia sana, saa naiona. Sasa nielekezwe namna ya kuondoa ile aikoni ya zambarau iliyojipachika kwenye Dock, na kama kuna njia ya kuficha neno Tahoe kwenye About This Mac.

Mzee wa Terminali
Aikoni ya zambarau ndiyo Feedback Assistant, inakuja na beta. Ivute nje ya Dock, imekwisha. Neno Tahoe kwenye About This Mac halifichiki na sitakuelekeza ulichezee, sehemu ya mfumo imefungwa kwa sahihi ya kidijitali.

Sasa nijibu haya manne ndipo nikusaidie. Mashine ni modeli gani? Beta uliiweka juu ya mfumo uliokuwepo au kwenye volyumu (sehemu ya diski) yake? Bakapu ipo? Na mashine ni ya nani?

Mkono_wa_Kushoto
Ni MacBook Pro ya inchi 13, ya 2020, Intel, matundu mawili ya USB-C. Niliweka juu ya Sequoia. Bakapu sikupiga kwa sababu kwenye mtandao kila mtu alisema beta ya mwaka huu imetulia.

Mashine ni ya bosi. Haya, nimesema. Yupo likizo, aliniachia nimalizie kazi, akaunti yangu imo na ya kwake imo. Niliona Software Update, nikachagua Beta Updates, nikaingiza akaunti yangu mwenyewe, nikabonyeza. Nilidhani ukiizima inarudi. Nimeizima, haijarudi.

Lakini naomba msinirukie. Kazi inafanyika, hakuna kilichopotea, na toleo kamili si litatoka tu baadaye mwaka huu? Kwa hiyo nimemtangulia miezi michache. Ndiyo maana nasema muonekano ndio shida pekee.

Chenga2
Jumatatu imeeleweka. Wakuu nani ana kitambaa cha kuifunika hiyo skrini?

Mama Ukurasa
Mwanangu, kitu cha kuazima hakibadilishwi sura. Ukiazima kanga huipeleki kwa fundi. Huyo bosi alikuachia kazi, hakukuachia mfumo. Hata ukifanikiwa kuficha kona za madirisha, siku programu yake moja ikigoma atahangaika wiki nzima hajui chanzo, na wewe umekaa meza ya pili umenyamaza.

Mzee wa Terminali
Haya. Beta Updates kuiweka Off maana yake hutapokea beta inayofuata, haikurudishi ulikotoka. Na kisakinishi cha Sequoia hakikubali kupanda juu ya Tahoe. Njia ya kurudi ni kufuta diski yote na kuanza upya. Kufuta yote ni pamoja na vya bosi.

Hapo ndipo ugumu wako ulipo, siyo kwenye vioo. Fungua Finder uingie folda ya Users, halafu folda ya bosi. Utaona Documents, Desktop na Pictures zimepigwa alama nyekundu ya kuzuia. Akaunti yako haizisomi. Zipo njia za kupita kwa mlango wa nyuma kupitia Terminali (dirisha la kuandika amri) na siziandiki hapa. Ni faili za mtu. Bakapu yake ataipiga yeye, akiwa ameingia kwa nywila yake.

Na asitegemee Time Machine, programu ya bakapu ya Mac, peke yake. Bakapu itakayopigwa leo ni ya Tahoe. Mkishaweka Sequoia, Migration Assistant (programu ya kuhamisha vitu) itaikataa kwa kuwa imetoka kwenye toleo jipya kuliko lililopo. Mafaili yanakiliwa kwa mkono kwenye diski ya nje: kila mmoja na akaunti yake, folda kwa folda, kisha Command-I kulinganisha idadi na ukubwa wa chanzo na wa nakala. Maktaba ya Photos iangaliwe kwa makini. Ikiwa imeshafunguliwa ndani ya Tahoe, Photos ya Sequoia inaweza kugoma kuifungua. Picha muhimu mzitoe kama faili za kawaida.

Baada ya hapo flashi ya GB 32, ya 16 imebana mno. Iformati kwa Mac OS Extended, ipe jina FLASHI. Pakua kisakinishi kizima cha Sequoia, usikifungue, kisha andika kwenye Terminali:

`sudo /Applications/Install\ macOS\ Sequoia.app/Contents/Resources/createinstallmedia --volume /Volumes/FLASHI`

Sasa sikiliza vizuri. Mac za Intel za 2020 zenye chipu ya usalama ya T2 haziwaki kwa flashi mpaka ziruhusiwe. Washa ukiwa umeshikilia Command-R, kwenye menyu ya Utilities fungua Startup Security Utility, ruhusu kuwaka kutoka kifaa cha nje. Fanya hili KABLA ya kufuta diski. Inadai nywila ya msimamizi, na ukishafuta diski hakuna msimamizi tena. Itakwambia hamna, na flashi yako itabaki pambo. Kisha washa upya umeshikilia Option, chagua flashi, futa kwa Disk Utility, sakinisha.

Ukinasa hapo katikati, zima, washa umeshikilia Shift-Option-Command-R. Utaona dunia inazunguka kwenye skrini. Inashusha kwa intaneti toleo lililokuja na mashine au la karibu nalo lililopo bado. Kutoka hapo unapanda hadi Sequoia.

Fundi Matundu
Mzee wa Terminali, umemwandikia insha mtu wa chai.

Wote rudini kwenye jibu lake. "Inchi 13, 2020, Intel, matundu mawili." Tahoe inakubali Intel nne tu: Mac Pro ya 2019, MacBook Pro ya inchi 16 ya 2019, iMac ya inchi 27 ya 2020, na MacBook Pro ya inchi 13 ya 2020 yenye matundu MANNE. Ile ya mawili imeachwa Sequoia. Software Update isingemwonyesha hiyo beta hata angebonyeza hadi kidole kichubuke. Na OpenCore Legacy Patcher, ile ya kulazimisha macOS mpya kwenye Mac za zamani, bado haijaifikia Tahoe, asije akajitetea kwa hilo.

Chai hii, na wala haijachemka.

Chenga2
Loh. Na mimi nilishaanza kumhurumia bosi.

Nyangumi Mweupe
Hata kama ni chai, hoja ya Launchpad iko pale pale.

Mkono_wa_Kushoto
Jamani si chai. Matundu mawili nimehesabu, yapo hapa kushoto!

Fundi Matundu
Na kulia?

Mkono_wa_Kushoto
Kulia kuna tundu la earphone... na kuna kitu kama hab kimechomekwa muda wote, cha skrini ya nje. Nimekitoa. Chini yake yapo mawili mengine. Kwa hiyo ni manne. Sikujua kama yana maana.

Fundi Matundu
Yana maana kuliko yote uliyoandika. Andika kwenye Terminali `sysctl hw.model` ulete jibu.

Mkono_wa_Kushoto
hw.model: MacBookPro16,2

KaaChonjo
16,2 ndiyo ya matundu manne, 16,3 ndiyo ya mawili. Ila hiyo mtu anaweza kuichapa tu baada ya kusoma uzi.

Dada Pikseli
Ushahidi ameutoa posti ya kwanza na hamkuuona. Alisema kiuso cha Finder kimegeuzwa. Mleta uzi, upande wa bluu uko wapi, kushoto au kulia?

Mkono_wa_Kushoto
Bluu iko kulia. Nyeupe kushoto.

Dada Pikseli
Basi yuko beta 1. Kwenye beta 1 waligeuza rangi za Finder, watu wakapiga kelele, beta 2 ikarudisha bluu kushoto ilikozoeleka. Hilo mtu habuni akiwa anadhani ni macho yake.

Na hapo ndipo utamu: beta 2 imeongeza swichi kwenye mipangilio ya Menu Bar ya kurudisha mandharinyuma ya mstari wa menyu, bila kuua uwazi wa mahali pengine pote. Wewe kwa kuzima Beta Updates umejikwamisha kwenye toleo bovu kuliko yote. Ama urudi nyuma kabisa, ama uende mbele. Kubaki beta 1 hadi toleo kamili ni uamuzi mbaya kuliko yote mawili.

Fundi Matundu
Chai naifuta. Samahani kaka. Na kwa wengine wanaosoma: beta inawekwa kwenye volyumu yake. Disk Utility, chagua kontena, bonyeza alama ya kujumlisha, ongeza volyumu ya APFS, uiite Tahoe, elekeza kisakinishi huko. Inagawana nafasi na ile ya zamani bila kukatakata diski. Acha wazi GB 50 hivi usibanane. Ukichoka unaifuta hiyo volyumu peke yake. Hapo muonekano unauangalia, hauishi nao. Ila kwako mashine ilikuwa ya bosi, hata hivyo usingepaswa.

Mkono_wa_Kushoto
Nimewaelewa. Ila kama nikienda beta 2 nikaweka ile swichi, si itakuwa karibu na Sequoia? Bosi mwenyewe si mtu wa kuangalia kona za madirisha.

Mama Ukurasa
Mwanangu.

Mzee wa Terminali
Atabana vidole kwenye pedi kuita Launchpad. Sekunde ya kwanza. Mwandikie leo, mwambie toleo, tarehe uliyoweka, na kwamba faili zake hujazigusa. Aje na diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko alichonacho humo. Aamue yeye: mbele au nyuma.

Mkono_wa_Kushoto
Nimemwandikia. Kauliza kama vitu vyake vya Desktop vipo. Nimemjibu vipo, ila mimi siwezi kuvifungua. Kasema nisiguse kitu, atakuja na diski.

Dada Pikseli
Basi zima na Reduce transparency, aikute ilivyo.

Mkono_wa_Kushoto
Nimezima. Saa haionekani tena.