Kidole cha mdakaji kimeinama baada ya kupigwa na mpira wa kriketi, tukande?

Kocha wa Mafinga: Wakuu, salama? Vijana wetu wa shule wametoka kwenye mpira wa tenisi, sasa wanatumia wa ngozi. Jana mmoja akidaka kapigwa kwenye ncha ya kidole cha pete. Kifundo cha mwisho kimeinama, mwenyewe hawezi kukinyoosha, ila ukimsaidia kinanyooka. Wazee wanasema tukikande kwa maji ya moto na chumvi, halafu tukivute. Ni sawa?

Nesi Uyole: Usikande, usivute. Kano inayonyoosha ncha imekatika, au imeng'oka na kipande cha mfupa, kwa hiyo eksirei lazima. Kama kavaa pete, itoke kabla uvimbe haujazidi. Chukua barafu ya mfuko ya dukani, izungushie kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa mbili. Maji ya moto siku mbili za mwanzo yanaongeza uvimbe tu.

Kisha kata kijiti cha aiskrimu, kitandikie pamba, funga kwa plasta ncha ikiwa imenyooka kabisa. Kifundo cha kati kiache huru. Kinakaa hivyo wiki 6 hadi 8, usiku na mchana. Wengi wanaharibu kwenye kuoga: anafungua, ncha inainama mara moja, hesabu inaanza upya. Ukibadilisha plasta, kidole kilazwe mezani.

Fizio Iringa: Nesi kamaliza. Mimi naogopa kichwa zaidi. Aliyepigwa kwenye helmeti anatoka, harudi siku hiyo hata akiapa yuko fiti. Mpime kumbukumbu: muulize nani karusha mpira wa mwisho. Akitapika, akisinzia ovyo au maji yakimtoka puani, hospitali mara moja. Shingo ikiuma, msimwinue wala msimvue helmeti. Shikeni kichwa kitulie.

Na warushaji wa kasi: kijana akilalamika kiuno upande mmoja, hasa akijipinda nyuma, asimeze dawa aendelee. Huenda mfupa wa mgongo umeanza ufa.

Kocha wa Mafinga: Asanteni sana. Kesho asubuhi eksirei. Akiwa amefungwa anaruhusiwa mazoezi?

Nesi Uyole: Kukimbia sawa. Kupiga na kudaka, hapana.