Msaada tutani: mtoto wa miezi sita kila akiamka anainama na kurusha mikono, bibi yake anasema mchango

MamaTwaha_Muheza

Wakuu habari za jioni, msaada tutani jamani. Nina mtoto wa kiume, miezi sita, ndo wa kwanza. Alizaliwa salama kilo tatu na ushee, akalia palepale, ananyonya vizuri na kliniki kila mwezi kilo zinapanda. Sasa siku hizi akiamka tu usingizini kichwa kinainama ghafla, mikono yote miwili inaruka pembeni na miguu inajikunja tumboni, ni sekunde moja mbili anaachia, unasema haya imeisha, anarudia, na tena, na tena, inaweza kufika hata ishirini mfululizo halafu ndo anaangua kilio. Homa hana, povu hana, hatetemeki, macho tu huwa kama yanapanda juu kidogo.

Mama mkwe anasema ni mchango unamsokota, ashampaka mafuta ya nyonyo na kuna dawa ya mizizi anataka ampe ya kunywa. Zahanati nao wakasema gesi, nikapewa dawa ya tumbo. Mimi kinachoninyima usingizi ni kwamba huyu mtoto alikuwa anacheka ukimwita, baba yake akiingia tu anarusha miguu kwa furaha, saivi unamwita anakutazama hivihivi. Njuga yake aliyokuwa anaigombania hana habari nayo.

Hii ni kawaida? Nisubiri kliniki ya mwezi ujao? Natanguliza shukrani, na naombeni msinitukane.

Kipara_wa_Chumbageni

Ngoja waje wajuzi. Nimeweka kiti hapa.

BintPongwe

Pole dada angu. Wa kwangu naye alikuwa anashtukashtuka akilala ikaja kuisha yenyewe, watoto wana mambo mengi. Mpe muda. Na kama hamjamsomea dua msomeeni, watu wana macho mabaya.

AfisaTabibu_WodiYaWatoto

Dada MamaTwaha acha kila kitu unachofanya usome hii, na usisubiri hiyo kliniki ya mwezi ujao.

Mimi si bingwa, ni afisa tabibu tu ila nimekaa wodi ya watoto muda mrefu. Ulichoeleza kinafanana sana na aina ya kifafa cha watoto wachanga kinachoitwa West sindromu. Kimepewa jina la daktari mmoja wa Uingereza, William James West, ambaye mwaka 1841 aliandika barua kwenye jarida la udaktari la Lancet akieleza habari za mwanawe mwenyewe, anainama hivyohivyo mara nyingi mfululizo na huku akili inarudi nyuma, akaomba madaktari wenzake wamsaidie maana yeye alishajaribu kila dawa aliyoijua. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, hata yeye alikuwa anaomba msaada tutani.

Wengi huanza kati ya miezi mitatu na saba, na karibu wote kabla ya mwaka mmoja. Kinawapita watu kwa sababu hakina sura ya degedege tulilozoea, hakuna homa wala kukakamaa muda mrefu. Pigo moja, yani huko kuinama mara moja, ukiliangalia peke yake unaona mtoto kashtuka tu. Tofauti iko kwenye mafungu, yani pigo, kupumzika sekunde chache, pigo, kupumzika, pigo, hasa akitoka usingizini. Mtoto anayeumwa tumbo analia kwanza na kujinyonga muda mrefu bila mpangilio, huyu wako analia baada. BintPongwe wa kwako alikuwa anashtuka AKIWA AMELALA, na kama ukimwamsha ilikuwa inakata, hiyo ipo na ni salama. Huyu ni akiamka, halafu kapoteza vitu alivyokuwa anavijua. Hapo ndipo pananitisha mimi.

Fanya hivi. Chukua simu urekodi fungu zima, tangu la kwanza mpaka anapolia, mwili wote uonekane, mfunue nguo miguu ionekane. Video moja nzuri inafanya kazi kuliko maelezo ya nusu saa, daktari akiiona hatakwambia gesi. Halafu kesho nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, muulizie daktari wa watoto, mwambie unahitaji kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, na kama hawana wakupe rufaa siku hiyohiyo. Muhimbili wanayo na wana wataalamu wa mishipa ya fahamu wa watoto. EEG haina maumivu, ni vinyaya vinabandikwa kichwani mtoto analala, na wasirekodi akiwa macho tu, usingizini ndo huonekana zaidi.

Dawa ya mizizi ya kunywa usimpe kabisa. Mafuta ya nyonyo ya kupaka hayana neno, usigombane na mama mkwe kwa hilo.

Kobe_Mzee

Hawa madokta wa mtandaoni bwana. Mtoto ana mchango anaambiwa kifafa, kesho ataambiwa alipie mashine. Bibi zetu wametulea bila EEG na tupo.

AfisaTabibu_WodiYaWatoto

Mzee Kobe shkamoo. Walioishi ndo wanasema tupo. Wapo waliobaki ndani kwao hawakai hawasemi, kila ukoo unao mmoja, na hakuna aliyewahi kujua kilichowapata.

Kuna utafiti mkubwa ulitoka mwaka 2013 ulifanyika sehemu tano Afrika, ikiwemo Kilifi kule Kenya, Ifakara hapa kwetu na Iganga Uganda, wakaona kwa watoto kifafa kinahusiana sana na matatizo ya wakati wa kuzaliwa, yani mtoto aliyechelewa kulia, kupumua au kunyonya, na kuumia kichwa pia. Sasa sikiliza, ule ulihesabu kifafa cha kutetemeka na kuanguka. Haka kainamishi kadogo ka sekunde moja hakamo kwenye hesabu hiyo, ndo maana hata sisi wahudumu kanatupita.

Na suala la muda sio vitisho vyangu. Waingereza waliwafuatilia watoto wa ugonjwa huu mpaka miaka minne, wakakuta kadiri muda kati ya pigo la kwanza na dawa unavyokuwa mrefu ndivyo maendeleo ya mtoto yanavyozidi kuwa duni. Ndo maana namwambia asisubiri kliniki.

Baba_Zuri_Nai

Pole sana mama. Mimi niko Nairobi, msichana wetu ako na Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji, na hii kitu ilimpata akiwa na miezi saba hivi. Watoto wa Down huipata zaidi ya wengine, hiyo sisi hatukuwa tumeambiwa na mtu. Tuliona anafanya hivyo akiamka mchana, mama yake akarekodi, daktari aliangalia hiyo video mara moja tu akaandika EEG. Ilipotoka karatasi yote ilikuwa mistari imevurugika juu chini, mtu hahitaji kusomea ndio ajue kuna shida.

Walimpatia prednisolone, dawa ya homoni, dozi kubwa. Tembe zenyewe si za bei, lakini jameni hizo wiki! Uso ulivimba mviringo, alikuwa anataka maziwa usiku kucha, hasira hadi tukashindwa kumbeba. Kila kliniki wanampima presha na sukari, na kabla ya kuanza walituuliza kama kuna mtu kwa nyumba ana TB kwa sababu hiyo dawa inashusha kinga. Usiwahi kuikatisha ghafla, inapunguzwa polepole hadi iishe. Ya kwetu mapigo yalisimama kabla ya wiki mbili kuisha. Sasa anatembea, maneno ni machache, speech therapy, mazoezi ya kuongea, tunaenda kila wiki.

Msiende famasi kununua prednisolone na kujipimia dozi nyumbani, nimeona mtu akiuliza hiyo kwa group ingine na nilishtuka.

Kipara_wa_Chumbageni

Swali kwa afisa tabibu, huku mtaani kifafa cha mtoto wanaanza na phenobarbitone. Haifai hapa?

AfisaTabibu_WodiYaWatoto

Kwa huu hapana mkuu, phenobarbitone inamfanya mtoto alale tu na mapigo yanaendelea, na ile dawa nyingine ya kifafa, carbamazepine, inaweza hata kuuchochea. Dawa zilizothibitishwa ni za homoni, yani prednisolone au sindano ya ACTH, na nyingine inaitwa vigabatrin. Mwaka 2004 Uingereza walizilinganisha kwa watoto 107, za homoni zikasimamisha mapigo kwa asilimia 73 ya watoto na vigabatrin asilimia 54. Na utamu wake, vidonge vya prednisolone asilimia 70 na sindano 76, tofauti ndogo, kwa hiyo kidonge cha bei nafuu hakikuachwa mbali na sindano ya bei mbaya. Kwa nchi kama zetu hiyo ni habari njema kuliko mashine yoyote. Mwaka 2017 wakaja na utafiti wa watoto 377, wa nchi tano, safari hii walichanganya homoni na vigabatrin kwa pamoja, wakapata asilimia 72 dhidi ya 57 kwa waliopewa homoni peke yake. Ila walipowapima wakiwa na miezi 18, maendeleo ya makundi mawili hayakutofautiana kihivyo. Kwa hiyo bado madaktari hawakubaliani kama kila mtoto apewe zote mbili.

MamaTwaha nina swali moja. Mvue nguo zote mchana kwenye mwanga wa dirisha, umwangalie ngozi polepole, mgongo, mapaja, matako, nyuma ya magoti. Ana madoa meupe yoyote, hata hafifu? Nijibu kabla hujaenda.

MamaTwaha_Muheza

Nimewasoma wote Mungu awabariki, Mzee Kobe na wewe sikuchukii. Video nimepata, baba yake alishika tochi.

Afisa, umenishtua. Madoa anayo! Pajani lipo moja limechongoka mwisho kama jani la mwarobaini, mgongoni mawili madogo ya duara na lingine karibu na kitako. Mama mkwe alishawahi kusema ni alama ya kuzaliwa, ya baraka, basi hatukuulizia. Yana maana gani? Usinifiche.

AfisaTabibu_WodiYaWatoto

Sikufichi, ila mimi sijamwona mtoto, ninaloandika ni la kumwambia daktari aliangalie, yeye ndo atathibitisha. Doa moja jeupe watoto wengi wazima wanalo na halina shida. Matatu na kuendelea pamoja na hayo mapigo yanatufanya tufikirie ugonjwa wa vinasaba unaoitwa tuberous sklerosisi, jina refu lakini usiliogope kwa urefu wake, wala hauhusiani na TB. Kunakuwa na vivimbe vidogo visivyo vya saratani kwenye ubongo, wakati mwingine moyo, figo na macho. Mtoto 1 kati ya kama 6,000 anazaliwa nao. Na kabla hujaanza kujiuliza au kuulizwa ukweni, karibu theluthi mbili ya watoto hawa hitilafu imeanza kwao wenyewe, baba hana mama hana. Hakuna ulichokula wala ulichofanya ukiwa mjamzito.

Kwa nini nimeuliza? Kwa sababu dawa inageuka. Wafaransa mwaka 1997 waliwapima watoto 22 wenye tuberous sklerosisi na mapigo haya, nusu vigabatrin nusu homoni. Waliopewa vigabatrin walitulia wote 11, wa homoni walitulia 5. Ni wachache lakini matokeo ya namna hiyo hayaonekani kila siku, na mpaka leo vigabatrin ndo chaguo la kwanza kwa hawa. Ule utafiti wa 2004 niliotaja hata haukuwachukua watoto wa aina hii. Kwa hiyo doa la pajani ulilodhani ni urembo linaweza kubadilisha dawa anayoandikiwa.

Ubaya wake, vigabatrin ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza uwezo wa kuona pembeni, basi lazima macho yaangaliwe na daktari akupe mpaka wa muda. Na si dawa unayoikuta famasi ya mtaani, kwa hiyo uliza mapema inapatikana wapi, na kama itachelewa usikubali mtoto akae bila kitu, muulize daktari kama aanze na homoni.

Watafiti wamejaribu hata kuwapa vigabatrin watoto wenye tuberous sklerosisi kabla mapigo hayajaanza, EEG ikionyesha tu dalili. Huko Ulaya 2021 na Marekani 2023 ilipunguza hicho kifafa, lakini ule wa Marekani ulipowapima akili wakiwa na miaka miwili hawakuwapita wenzao. Nakwambia hivi ili usije ukadhani dawa ikisimamisha mapigo kila kitu kinarudi siku hiyo. Mazoezi ya kumsaidia mtoto kukua yanaanza mapema, na Dar hospitali ya CCBRT wanafanya kazi hiyo na watoto.

BintPongwe

Yaani nasoma huku namkagua wangu mgongo. Dada tunakuombea, uturudie.

MamaTwaha_Muheza

Nimerudi wapendwa. Tuko Dar. Daktari wa watoto kaangalia video, kaangalia ngozi kwa taa ya zambarau wakazima umeme chumbani, madoa yakawaka mengine hata sikuyaona. EEG imefanyika, imethibitisha kifafa chenyewe, na skani ya kichwa imeonyesha vivimbe kama alivyosema afisa. Vigabatrin imechukua siku kupatikana ila ameanza, analala sana na shingo imelegea kidogo, wamesema ni dawa. Mapigo yamepungua, bado hayajaisha. Moyo wanampima wiki ijayo.

Mama mkwe ndo kambeba muda wote kwenye foleni, na kawaambia wauguzi wote kwamba yeye ndo aliyeyaona madoa.

Maswali mawili. Chanjo ya surua miezi tisa apewe? Na mimi na baba yake tupimwe?

AfisaTabibu_WodiYaWatoto

Hongera kwa kukimbia dada. Chanjo, akiwa kwenye vigabatrin peke yake apewe kama kawaida, ila wakimwongezea prednisolone ile ya surua na rubella waisubirishe, mwambie muuguzi wa chanjo anatumia nini kila unapoenda. Na ndio, mkaguliwe wote wawili ngozi na macho, mtu mzima anaweza kuwa na ugonjwa huu bila kujua, vijipele vya puani na mashavuni visivyoisha au vinyama pembeni ya kucha. Fanyeni kabla ya mimba nyingine.

Na endelea kurekodi hata kama yamepungua. Mapigo yaliyobaki huwa madogo, unakuta kichwa tu kinadondoka, watu wanasema amepona. Kama hayajasimama kabisa baada ya wiki mbili za dozi kamili rudi, usingoje tarehe ya kadi.

Baba_Zuri_Nai

Na uandike kwa daftari, saa na mapigo mangapi kila fungu. Daktari wetu alikuwa anaanza na hiyo daftari kabla hata hajamgusa mtoto.