Tupeane uzoefu: mambo ya dunia yameingiaje mfukoni mwako hapa Dar?

Frem ya Kongo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kila taarifa ya habari ni uchumi wa dunia, sijui idadi ya watu, sijui vita. Leo tuache wachambuzi wa televisheni. Kila mtu aseme yeye lilimfika wapi, kwenye bidhaa gani au kazi gani.

Naanza mimi. Nauza nguo za watoto Kariakoo, mzigo natoa Guangzhou kwa kuchangia kontena na wenzangu. Mwanzoni mwa 2024 ajenti akapandisha bei ya CBM, yaani mita moja ya ujazo ya nafasi kwenye kontena. Namuuliza sababu, ananijibu "Wahouthi". Nikaona ananifanya mtoto, maana meli ya China kuja Dar inakatiza Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu haigusi kabisa. Nikafuatilia, kumbe jamaa hadanganyi. Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, walikuwa wanashambulia meli, kwa hiyo meli za kwenda Ulaya zilianza kuikimbia Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, zikawa zinazunguka huku chini, Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Safari ikirefuka, meli na makontena yanachelewa kurudi China, na zile chache zilizopo kila mtu anazigombania. Mwenye meli anampakia anayelipa zaidi. Sisi wa vigauni vya watoto tukasubiri.

Dola nayo ina mambo yake. 2023 benki unaambiwa hakuna, mtaani ipo kwa bei ya mtaani. Oktoba 2024 ilipita shilingi 2,700, Desemba ikaporomoka hadi kwenye 2,400 hivi. Watu walishangilia, ila fikiria aliyelipia mzigo kwa dola ya Oktoba, ukamfikia Desemba, na jirani yake anaagiza upya kwa dola ya bei nafuu. Mteja hana habari na dola yako, anauliza "mwisho shilingi ngapi?"

Karibuni.

Mama Lishe Buguruni

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi dunia ilinifikia kwenye dumu la mafuta.

Mwaka 2022 dumu la lita 20 lilivuka laki. Mangi wa dukani akaniambia, "Mama, Indonesia wamefunga." Sikumuelewa. Baadaye kijana wangu akanisomea kwenye simu: Indonesia, ndio wanaoongoza duniani kwa mawese, walizuia kuuza nje kuanzia 28 Aprili, wakaachia 23 Mei. Hata mwezi haukufika! Ila bei ilipanda kwa lifti ikashuka kwa ngazi. Na huku ngano nayo imepanda kwa sababu ya vita ya Urusi na Ukraine, maana ngano yetu nyingi inatoka nje.

Sasa chapati. Mteja wa chapati ni mgumu kuliko wa wali. Wali ukipunguza kidogo haoni. Chapati ukipandisha shilingi mia anahamia kwa jirani. Kwa hiyo donge nikalipunguza, nikalisukuma likawa jembamba, upana ukabaki uleule. Fundi mmoja wa gereji akaiinua juu, akaniambia, "Mama, nakuona hadi uso." Tukacheka, akala nne badala ya tatu. Mafuta yamerudi bei ya kueleweka sasa, donge halijarudi. Msinitangaze.

Winga Mstaafu

Mama nilikuwa nakushuku tangu zamani 😂

Gari Mkononi

Hapa mmenigusa. Naagiza magari Japani, na nataka kusema kitu ambacho wengi hawakijui.

Mmeshaona Passo au Vitz ina stika nyuma, kama ua la majani manne yenye rangi tofauti? Watu wanadhani ni urembo, wengine wanaiacha kabisa kwa sababu inapendeza. Ile ni alama ya dereva mzee. Japani ukifika miaka 70 unashauriwa uibandike ili wenzako barabarani wakuvumilie. Karibu watu 3 kati ya 10 kule wana miaka 65 na kuendelea. Wazee wanarudisha leseni, watoto wako mjini wanapanda treni, gari linauzwa mnadani.

Hizo ndizo ninazozitafuta. Bibi alikuwa anaenda nalo sokoni na hospitali, basi. Kilomita chache, kiti cha nyuma hakijakaliwa, kitabu cha sevisi kimejazwa kwa kalamu. Linashuka bandarini bado linasalimia kwa Kijapani ukiwasha. Miezi sita baadaye liko Tegeta–Kariakoo, teksi ya mtandaoni, kiti cha nyuma kimebonyea. Tunaishi na mabaki ya uzee wa Wajapani, na sisemi kwa ubaya, ndio ugali wangu.

Oktoba 2022 dola 1 ilivuka yeni 150, haijawahi kuonekana tangu 1990. Magari yakawa rahisi kwa dola. Tatizo likawa kuipata dola yenyewe. Na gari likiwa la miaka mingi ushuru wa uchakavu unakusubiri, kwa hiyo rahisi ya Japani inaishia bandarini.

Mpinga Visingizio

Wakuu, dunia mnaibebesha kila kitu. Frem yangu haikupandishwa kodi na Wahouthi, imepandishwa na mwenye nyumba. Foleni nayo imeletwa na Indonesia?

Frem ya Kongo

Mkuu, huyo mwenye nyumba si ndiye alikuwa anataka kodi kwa dola, mpaka serikali ilipopiga marufuku bei za fedha za kigeni Machi 2025?

Mpinga Visingizio

Hapo umenipata. Kidogo tu.

Chapa Sinza

Nina kiwanda kidogo cha uchapaji. Asilimia kubwa ya kazi ilikuwa semina: mabango, makabrasha, fulana, vile vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Wiki ileile nikapigiwa simu na wateja wawili, sauti za chini, "kaka, simamisha kwanza". Fulana zilikuwa zimeshachapwa, zina nembo ya mradi na tarehe. Nani atazinunua? Vijana wangu wanazivaa kazini hadi leo.

Watu walizungumzia walioachishwa kazi kwenye miradi, na ni kweli waliumia. Wasiotajwa ni mpishi wa semina, mwenye ukumbi, dereva wa kukodi, dada wa usafi. Mshahara mmoja wa mradi ulikuwa unalisha mtaa. Sasa nachapa kadi za harusi na vifungashio vya wajasiriamali. Harusi hazisubiri mfadhili.

Winga Mstaafu

Nilikuwa winga, yaani mtafuta wateja kwa kamisheni, wa duka la Mchina Kariakoo. Julai 2025 serikali ikazuia wasio raia kufanya biashara 15, rejareja ikiwemo. Wenye maduka walishangilia, na nawaelewa, huwezi kushindana na mtu anayetoa mzigo kiwandani kwao. Ila kamisheni yangu ilikuwa pale. Hilo jina nimelipata hapo.

Binti Tandika

Mimi ni ya ndugu. Binamu yangu alikuwa anajiandaa kwenda Uingereza kuhudumia wazee kwenye nyumba za kulelea. Ameshasoma kozi, ameshakopa. Machi 2024 wakazuia wahudumu kwenda na wategemezi wao, na yeye ana mtoto mdogo. Akasema ataenda peke yake, mtoto abaki kwa bibi. Ada ikachelewa, Julai 2025 wakafunga kuajiri wahudumu wapya kutoka nje. Kinachoniuma ni kwamba wazee wao hawajapungua. Sasa anasoma Kijerumani jioni, anatamka maneno marefu anaosha vyombo. Nyumba nzima tumeshajua kuhesabu.

Sare Rangitatu

Nyie mnaongelea wazee, mimi nauza sare za shule Mbagala, wazee wangu ni wa darasa la kwanza. Sensa ya 2012 mkoa huu ulikuwa na watu 4,364,541, ya 2022 ikawa 5,383,728. Milioni nzima! Wengi wakashukia huku kwetu na Chanika na Chamazi, kwenye viwanja vya bei nafuu. Kila Desemba mafundi wangu hawalali.

Ila kuna kitu nakiona kaunta. Zamani mama anakuja na watoto wanne, anataka sketi kubwa ili mdogo airithi. Siku hizi wengi wawili, na anataka inayomkaa mtoto vizuri. Mauzo kwa kila mama yamepungua, kina mama wameongezeka. Kwa sasa hesabu inanibeba.

Mama Lishe Buguruni

@Gari Mkononi mwanangu, hizo za bibi wa Kijapani unaleta hata za mkopo? Nataka ya kubebea masufuria.

Gari Mkononi

Mama, mkopo hapana, ila njoo PM tuongee. Kuna Suzuki Every iko njiani.